Godoro la Mtoto wa Kaka

Viraka hajawahi kutupa kitambaa. Nasema hajawahi, na mimi si mtu wa kutia chumvi, ingawa yeye atakwambia vingine. Meza yangu ya uzi, zipu na vifungo iko mlangoni pake, karibu kabisa na kizingiti, na kwa miaka yote niliyokaa pale sijaona kitu kikitoka chumbani mwake kwenda jalalani. Shati lililopauka litakatwa mgongo utoke foronya, na kola itageuzwa kishikio cha sufuria. Jinzi iliyotoboka magoti hutoa mfuko wa kuning'iniza ukutani, wa kuwekea vitana na miswaki. Pazia lililochomwa na jua analikagua mpaka anaipata ile sehemu iliyokuwa imejificha kwenye mikunjo, ambayo rangi yake bado mbichi, na hapo pana mto wa kochi. Vile vipande vidogo kabisa, visivyotosha hata kufunika kifungo, huingia kwenye gunia la kujazia mito na magodoro. Ukisahau leso yako mle ndani, kesho utaikalia.

Jina hilo la Viraka walimpa kwa kumcheka. Alirudi kwa mama yake baada ya ndoa kumshinda, au yeye kuishinda ndoa, inategemea unamuuliza nani, akiwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu na mfuko wa nguo kuukuu. Hakuwa na uwezo wa kununua jora la kitambaa kipya, akaanza kuunga alichonacho. Waliompa jina ndio hao hao leo wanaosimama mlangoni wakimwita fundi kwa sauti laini, wakiulizia tandiko lao la kitanda limefikia wapi. Wauza mitumba wanamwekea yale yaliyoshindikana: yenye madoa, yaliyokosa mkono, yaliyoliwa na nondo. Anayafua kwa maji ya moto, anayaanika, anayafumua, anayapiga pasi. Vifungo anavyovikata ananiuzia mimi, uzi ananunua kwangu, na kila mmoja wetu anaamini mwenzake ndiye mwizi. Ananiita Vifungo. Tunapendana kwa namna hiyo.

Katika kazi yake ana ukali mmoja ambao nilikuwa nikiuona wa kujitakia. Sindano ya cherehani ikivunjika, kila kitu kinasimama. Ataokota vipande vyake, atavipanga kiganjani kando ya sindano nzima, na kama kuna hata kijipande hakipo, haingii mtu wala hatoki mtu. Huja kuazima sumaku yangu ninayookotea pini zilizomwagika, akapiga magoti, akapapasa sakafu kama aliyedondosha pete ya ndoa.

"Si kipande tu hicho?" nilimwambia siku moja.

"Mtu ataweka shavu juu ya kazi yangu, Vifungo. Shavu!"

Basi nikawa nampa sumaku na kunyamaza, jambo ambalo kwangu si dogo.

Ndani ya chumba kile kuna mtu wa tatu, naye ni mama yake. Huyu ndiye aliyemfundisha binti yake kushika mkasi, na enzi zake alishona nguo za maharusi. Sasa macho yamemwingia ukungu. Anakaa kwenye kigoda karibu na dirisha, anachambua mabaki kwa vidole, anajaza mito, anafunga mdomo wa mto kwa sindano ya mkono. Mishono yake imepanuka na kwenda upande. Haambiliki. Ukimwambia, "Mama, liache hilo, nitalimaliza mimi," atakunja mikono mapajani na kukaa kimya siku nzima na ya pili yake, chakula hakiguswi. Kwa hiyo Viraka hamwambii. Husubiri mama aende kuoga, akaifumua mishono ile haraka haraka na kuishona upya, kisha mama akirudi anapapasa mto na kusema, "Unaona? Mkono wa mama yako bado upo." Na mwanawe anajibu, "Upo, Mama."

Sasa nije kwa wifi yake, mke wa kaka yake, maana bila yeye hakuna habari.

Wifi huyo ana duka la vitu vipya vya nyumbani, mashuka ya kwenye karatasi za nailoni, mapazia yanayonukia kiwanda. Si mtu mbaya. Ni mtu wa usafi, wa kufuta meza kabla ya wewe kuinua kiwiko. Tangu aolewe hakuruhusu hata kitambaa cha meza cha Viraka kuingia nyumbani kwake. Inasemekana alisema, "Nguo zile hatujui zilivaliwa na nani wala alizivua kwa nini." Maneno hayo yalifika, maana maneno ya namna hiyo hayapotei njia, nayo yalimkata Viraka maini. Aliendelea kushona.

Halafu, baada ya miaka mingi ya kusubiri na kulia na kuulizwa maswali na watu wasio na haya, mtoto akapatikana. Wa kiume, na mapafu yake mazima, mtaa mzima ulimsikia. Kaka akaja mlangoni petu akajikuna kichwa. "Dada, mtengenezee mwanangu godoro dogo. La kumlaza sebuleni mchana. Mke wangu mwenyewe kasema."

"Kasema mwenyewe?"

"Kachagua mpaka rangi. Anataka ya bluu bluu."

Sijawahi kumwona mwanamke akihangaikia kazi kama Viraka alivyolihangaikia godoro lile. Alichagua mashati ya pamba yaliyolainika kwa kufuliwa, bluu za kila namna, ya mawingu, ya wino, ya sare za shule. Alizichemsha, akazisuuza, akazichemsha tena. Hata mabaki ya kujazia aliyachagua moja moja, laini matupu, akayaweka kwenye gunia lao peke yao. Mama naye alifurahi kupita kiasi, kwani kila Ijumaa alikuwa akipelekwa kwa mwanawe kumpakata mjukuu, na alihesabu kila kitu cha wiki kwa kuangalia Ijumaa. "Godoro la mjukuu wangu nitalijaza mimi," alisema, na nani wa kumkatalia?

Siku yenyewe ilianza vizuri. Godoro lilikuwa limebaki pembe moja tu kujazwa na kufungwa. Viraka alikuwa amehamia kwenye kazi nyingine, kapu la nguo chafu la jinzi, na pale mishono minne inapokutana ndipo nikasikia ule mlio, tak, na mguu ukakoma kukanyaga. Nilijua bila kugeuka. Alikuja kuchukua sumaku, nikampa. Akapata kipande cha katikati. Shina lilibaki kwenye cherehani. Ncha hakuiona.

Alikuwa bado yuko magotini pale alipofika mteja wa mapazia, mwanamke mwenye haraka zake, akasema kwamba fundi wa madirisha yupo nyumbani sasa hivi na anaondoka, na Viraka asipokwenda kuchukua vipimo sasa basi tena. Viraka alimtazama mama yake, akaitazama sakafu. Nilimwona anataka kusema kitu. Angesema, "Mama, usifagie." Maneno mawili. Lakini mama angeuliza kwa nini, na angejibiwa nini, kwamba haoni? Akameza. Akafunika cherehani kwa kitambaa, akavikunja vile vipande viwili vya sindano kwenye kikaratasi na kukitia mfukoni, akasema, "Narudi sasa hivi." Akilini mwake hakuna kilichoharibika: mama alikuwa anasinzia, na akirudi ataendelea kutafuta.

Mimi nilikuwa na wateja. Niliona kaka yake akija akitoka mbio mbio, akiwa na kitu cha bluu kwapani, akanipungia mkono, kapanda pikipiki kaenda. Nilimpungia na mimi. Nilidhani mambo yamekamilika.

Viraka aliporudi alisimama katikati ya chumba. Nilisikia sauti yake kabla sijamwona uso.

"Mama, umefagia?"

"Nikae kwenye uchafu? Nimefagia, nimekusanya."

"Mabaki umeyaweka wapi?"

"Pembe ya godoro ilikuwa inapwaya. Yale ya gunia hayakutosha, nikaongeza na ya sakafuni. Laini yale, usiwe na wasiwasi. Nimefunga, nimemaliza, kaka yako kaja kalichukua. Si unaona mkono wa mama yako?"

"Naona, Mama," alisema Viraka. "Ahsante."

Alitoka nje na uso wa kijivu. Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi kama bomba la maji asubuhi. Nikaelewa vyote kwa mara moja: sakafu, ufagio, pembe ya godoro. Hakuna fundi mwingine popote angefanya kosa hilo, kwa sababu hakuna mwingine anayeokota taka za sakafuni na kuzilaza chini ya kichwa cha mtu.

Alimpigia wifi yake. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Akampigia kaka, huyo alikuwa amekwisha ingia kazini kiwandani, ambako simu zinaachwa getini. Akapiga tena kwa wifi. Mimi nilikwisha tupia turubai juu ya meza yangu na kuita pikipiki.

"Unakwenda wapi wewe?" aliniuliza.

"Unakokwenda."

"Mama asijue."

"Panda, shoga, panda!"

Tulibanana nyuma ya dereva, mimi katikati kwa sababu yeye alitaka kupiga simu. Njia nzima nilisikia ule mlio wa kuita ukipita karibu na sikio langu, ukikata, ukianza upya. Dereva akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia aangalie mbele. Nilijaribu kufikiria ncha ya sindano ni kubwa kiasi gani. Ndogo kuliko punje ya mchele. Halafu nikamfikiria mtoto wa miezi michache, anavyojizungusha, anavyokandamiza shavu, anavyotia kinywani kila kinachomkaribia. Nikaacha kufikiria.

Mlango wa wifi ulikuwa umefungwa kwa ndani. Viraka aligonga. Tukasikia kandambili zinakuja bila haraka. Wifi akafungua akiwa ameweka kidole mdomoni.

"Shh! Ndiyo kwanza kalala." Akaniona mimi. "Na jirani tena? Karibuni, lakini taratibu. Nimeona simu zako, wifi, nimeiweka bubu asije akaamka."

Kutoka mlangoni tulimwona. Yuko sakafuni sebuleni, katikati ya bluu zote zile, chali, kichwa kimegeukia upande, ngumi mbili zimefungwa. Kichwa chake kilikuwa upande wa pembe. Sikujua ni pembe ipi, lakini zote zilinitisha.

"Wifi," alisema Viraka, na sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, ambayo ndiyo iliyoniogopesha. "Nipe lile godoro mara moja. Kuna mshono sikuumaliza vizuri."

Wifi akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kweli, na Viraka hakuwahi kulipata hata siku moja tangu wajuane. Nilimwona anavyolipokea, kama mtu anayepewa kitu huku ananyang'anywa. "Yaani umekimbia hivyo kwa ajili ya mshono? Wifi, limenipendeza! Nimemwambia kaka yako, hili hata dukani kwangu halipo. Liache, utalichukua kesho."

"Sasa hivi. Mpakate kidogo tu."

"Nimwamshe? Hujui nilivyohangaika kumlaza." Tabasamu likaanza kupoa. "Mshono utasubiri."

Mtoto akajinyoosha. Kisigino kikasugua kitambaa, kichwa kikageukia upande wa pili. Nilifungua mdomo, maana mdomo wangu huu niliopewa hauna zipu, na Viraka akanibana mkono kwa nguvu mpaka nikaufunga. Alikuwa anamtazama wifi yake. Angeweza kusema mende. Angeweza kusema rangi inatoka. Nilizipanga hizo sababu kichwani nikitamani achukue moja, yoyote, alitoe godoro lile mle ndani na tabasamu libaki lilivyo. Lakini angetoka na godoro, na je, kama ncha ilikwisha toka? Kama ipo kwenye nguo za mtoto?

"Wifi, mnyanyue mtoto," alisema. "Kuna ncha ya sindano ndani ya hilo godoro."

Wifi hakuuliza swali. Alivuka sebule, sijui alikanyaga wapi, akamnyakua mtoto, naye mtoto akaamka kwa ukelele uliotupasua masikio. Akamvua vazi lake pale pale. Vifungo vilimkatalia, nikavifungua mimi. Pajani palikuwa na kidoa chekundu.

"Kachomwa! Kachomwa huyu! Umeniulia mwanangu!"

Viraka alipiga magoti. Hakumgusa mtoto. Aliweka mikono nyuma ya mgongo wake mwenyewe, akasogeza uso karibu, akatazama. "Kuna kingine hapa mkononi," alisema. "Na hiki shingoni. Vimevimba juu, havina tundu. Ni mbu, wifi. Tazama vizuri."

Wifi akatazama. Akatazama tena. Alivijua, asubuhi ile ile alikuwa amevipaka mafuta kwa kidole chake. Akakaa chini na kulia, amembana mtoto kifuani, na wawili wao wakalia pamoja kwa muda ambao ulitosha sisi kutamani ardhi ipasuke. Halafu machozi yakakauka, na kilichobaki usoni sikukipenda.

"Sindano," alisema polepole. "Kwenye godoro la mtoto. Watu huweka sindano kwenye godoro la mtoto, na huwa na sababu zao."

"Usiseme hivyo," nilisema.

"Nimekaa miaka bila mtoto. Nimesemwa. Nimepata mmoja."

"Angekuwa na nia hiyo angekuja mbio namna hii?"

"Sijakuuliza wewe!"

Nikafyata ulimi, na nilifyata kwa hasira. Nilitaka kupasua ukweli mbele yake. Nilitaka kumwambia kuhusu kuchemshwa na kuchemshwa tena.

Viraka hakujitetea. "Nipe shuka jeupe," alisema. "Sitoki hapa mpaka niione."

Shuka likatandikwa. Alifumua godoro upande mmoja kwa wembe wake wa kazi, akayamwaga mabaki yote, kilima cha bluu na nyeupe. Nilitoa sumaku. Tukaanza, yeye mkono wa kulia, mimi wa kushoto, konzi moja baada ya nyingine, tunachambua, tunapitisha sumaku, tunaweka kando. Wifi alisimama juu yetu akinyonyesha, hakupepesa macho.

Sumaku ikalia, tik. Tukaganda sote. Ilikuwa kulabu ya sidiria.

"Hiyo nini?" wifi aliuliza.

"Kulabu."

Tik. Kijipini cha lebo ya dobi. Tik. Kichwa cha kifungo cha jinzi. Haya yote yalitoka sakafuni, kwenye kazi ya kapu lile na nyingine za jana, na kila mlio ulikuwa aibu mpya. Katika konzi alizozichagua Viraka mwenyewe hapakutoka hata chembe, lakini nani angelijua hilo? Jasho lilimtoka kwenye mstari wa nywele likashuka mpaka kidevuni, asilifute. Kilima kikapungua. Kikawa kichuguu. Kikawa vipande vichache mkononi mwangu, kisha shuka tupu.

Ncha haikuwemo.

"Basi haimo," nilisema haraka. "Itakuwa imebaki kule kule sakafuni."

"Haimo," wifi alisema, akashusha pumzi. Hata mabega yake yalishuka. Nilifikiri tumeponea hapo. Tungeinuka, tungeomba radhi, na baada ya miezi tungecheka.

Viraka alikuwa amekwisha geuza gamba la godoro nje ndani. Ncha za vidole vyake zimeota sugu, hazisikii kitu kidogo, kwa hiyo alikunja kiganja nyuma na kuanza kupitisha ngozi laini ya ndani ya kifundo cha mkono juu ya mishono, polepole, akibonyeza. Anajitafutia kuchomwa. Nilishindwa kutazama, nikatazama. Upande wa kwanza. Upande wa pili. Kwenye pembe ya mwisho, ile iliyofungwa kwa mkono, alishtuka, na tone la damu likajitokeza, jekundu kabisa.

Ilikuwa imenasa kwenye pindo, imelala kidogo, ncha yake inatazama juu, upande wa kichwa. Aliichomoa kwa kucha. Akatoa kile kikaratasi mfukoni, akapanga shina, katikati na ncha juu ya kiganja chake. Sindano ikakamilika. Alivuta pumzi moja ndefu, ya kwanza tangu tutoke nyumbani nadhani.

Wifi aliinama. Lakini hakuwa anaitazama sindano. Alikuwa anaitazama pembe.

"Huu mshono wa hapa nani kaushona?"

Kila mtu anajua mishono ya Viraka. Ni midogo, imenyooka. Ile ya pembeni ilikuwa mirefu, imepinda, mmoja umeruka kabisa. Wifi anauza mashuka, si kipofu.

"Mimi," alisema Viraka.

"Wewe?"

"Nilikuwa na haraka."

"Na mabaki haya yenye vyuma nani kayajaza?"

"Mimi."

"Si mama?" Wifi aliuliza taratibu sana. "Niambie tu, wifi. Kama ni macho ya mama nijue. Mama anampakata huyu kila Ijumaa. Anamvalisha. Anambana nepi na pini. Kama haoni, nijue leo, isiwe kesho."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba juu ya shuka lile haikuwa sindano tu, zilikuwa pia Ijumaa za mama. Nilimtazama Viraka. Akasema, bila kuchelewa, "Mama anaona vizuri. Kosa ni langu peke yangu. Sindano ilivunjika, nikaacha kuitafuta nikakimbilia kazi nyingine. Pini za nepi mvalishe wewe mwenyewe, mama mikono yake huchoka. Lakini kosa ni langu."

Wifi alimtazama muda mrefu. Sijui aliamini kiasi gani. Nadhani alihitaji mtu mmoja wa kumkasirikia, na mtu huyo alikuwa amejileta mwenyewe mpaka sebuleni.

"Basi usinishikie mtoto," alisema. "Na usiniletee kitu tena. Mama aje. Wewe hapana."

Viraka alikubali kwa kichwa. Alikusanya mabaki yote ndani ya shuka, akaomba kulifua shuka na kulirudisha. Wifi akamwambia abaki nalo.

Njiani tulitembea. Nilikuwa nimejaa maneno mpaka puani. Nilimwambia kwamba ni mjinga, kwamba amejichimbia shimo, kwamba mimi nitarudi nikaseme. Alinisikiliza mpaka tukafika kona ya mtaa wetu, akasimama.

"Ukisema, Mama hatampakata tena yule mtoto. Atakaa na nini, Vifungo? Na dirisha?"

"Na wewe utakaa na nini?"

Alinitaka niape, nikaapa, nikiwa na hasira kuliko siku zote za maisha yangu. Kaka yake alikuja jioni. Hakuingia ndani. Alisimama karibu na meza yangu, akamwita dada yake nje, akasema bila kumtazama, "Wewe ni dada yangu, lakini mtoto ninaye mmoja. Tuache kwanza." Akaniulizia bei ya zipu ambayo hakuihitaji, akaondoka.

Tangu hapo yapo mambo yamebadilika chumbani. Mama hafagii, Viraka amemwambia mgongo wake unahitaji kupumzika, na mama amekubali baada ya kununa kwa kadiri yake. Anachambua rangi kwa mguso, pamba huku, sufu kule, na hakosei. Sakafu inafagiwa na Viraka mwenyewe, na yanayotoka sakafuni sasa yanakwenda jalalani. Mara ya kwanza nilipomwona akiyabeba nje nilidhani anaumwa.

Ijumaa mama huvaa vizuri, hupakwa mafuta na mwanawe, husindikizwa mpaka kwenye pikipiki. Wiki iliyopita aliporudi nilikuwa nimekaa ndani, nachagua vifungo vya kununua. Alikuwa na furaha, ananukia poda ya mtoto. Alikaa kwenye kigoda chake, akavua kitambaa cha kichwani.

"Kaanza kukaa," alisema. "Ukimwachia anayumba kidogo, halafu anajishika. Nimempapasa uso wote. Pua ni yako kabisa."

"Ya kwangu?" Viraka aliuliza. Mguu ulikuwa umekoma kukanyaga cherehani.

"Ya kwako. Lakini utaijuaje? Tangu mtoto azaliwe umemwona mara ngapi? Wifi yako hata hakutaji tena, na simlaumu. Mimi nilikuzaa ukiwa na moyo, sijui umeuweka wapi." Alikunja kitambaa chake mapajani, akakinyoosha kwa kiganja. "Shangazi gani wewe? Ningekuwa na macho yako, ningekuwa kule kila siku namtazama."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo kuhusu macho yake. Nilimtazama Viraka, na yeye akanitazama mimi, kunikumbusha kiapo. Machozi yalikuwa yamemjaa, na mama yake alikuwa ameuelekeza uso kwake moja kwa moja, bila kuyaona.

"Kazi ni nyingi, Mama," alisema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

"Kazi," mama alisema. "Haya. Shona."

Nikaviacha vifungo, nikatoka nje kwenye meza yangu, na mteja aliyekuja kuulizia uzi mweusi nilimjibu vibaya.